Azalea: Ua Lisilotaka Jivu Wala Shimo Refu

Azalea yangu ya kwanza niliiua kwa jivu.

Ilikuwa mwezi wa tano, tumemaliza kuchoma nyama nyuma ya nyumba, nami nikafanya kile nilichomwona mama akikifanya Lushoto miaka yote: nikazoa jivu la mkaa, nikalimwaga shinani mwa kichaka kilichokuwa ndiyo kwanza kimemaliza kuchanua. Kwetu jivu halitupwi. Linakwenda kwenye migomba, kwenye mchicha, kwenye njia ya siafu. Kufika Agosti majani ya azalea yalikuwa ya manjano, imebaki mishipa tu ya kijani, kama ramani ya mito. Nikadhani ina njaa, nikaiongezea samadi ya kuku. Aprili iliyofuata, vichaka vya majirani vikiwaka rangi mtaa mzima, pangu palikuwa na vijiti vikavu.

Ninaishi Maryland, nje kidogo ya jiji la Washington. Huku azalea iko mbele ya karibu kila nyumba ya zamani, na watu huichukulia kama sisi tunavyochukulia bogenvilia: ipo tu. Ukiwauliza wanaitunzaje, wengi watakwambia hawaifanyii kitu. Ilinichukua muda kuelewa kwamba hilo ndilo jibu lenyewe. Mkono uliozoea jembe unajua kuchimba shimo refu, kujaza samadi, kumwaga jivu na kupalilia hadi udongo uwe mweusi. Yote manne ni adui wa azalea. Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya mkono huo, kwa sababu ndio nilio nao.

Ni mmea wa namna gani

Wataalamu wa mimea wanaihesabu azalea ndani ya jenasi ya Rhododendron, katika ukoo mmoja na bluberi, yale matunda madogo ya buluu yanayouzwa kwenye vikasha madukani. Ukoo huo wote unapenda udongo wenye tindikali. Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Uswidi, alipoipa jina mwaka 1753 alichukua neno la Kigiriki lenye maana ya "kavu", jambo linalochekesha kidogo, maana mmea huu haupendi kukauka. Haupendi kuloa pia. Tutafika huko.

Kwa mtu anayetaka kupanda, kuna makundi mawili ya kujua. Kuna zisizopukutisha majani yote, ambazo asili yake ni Asia ya mashariki, hasa Japani, China na Korea. Hizi ndizo vichaka vifupi vinavyofunikwa na maua hadi jani halionekani. Halafu kuna zinazopukutika wakati wa baridi, nyingi zikiwa za asili ya Marekani yenyewe. Hizi hukua kwenda juu, zina matawi machache yaliyoachana, na baadhi zina harufu nzuri sana. Ile inayoitwa Rhododendron calendulaceum, ya milima ya Appalachia, hutoa maua ya rangi ya moto, machungwa kabisa, rangi ambayo ni nadra kwenye zile za kundi la kwanza.

Kundi la Kurume lina jina la mji wa Kurume kule Kyushu, Japani. Mwaka 1918 mkusanyaji mimea Ernest Wilson alifika huko na kuchagua aina 50 kwa ajili ya bustani ya Arnold Arboretum ya Boston. Nyingi za zile nyekundu na waridi zenye maua madogo madogo mtaani kwangu, kama 'Hino-crimson', ni za ukoo huo. Na hapa Maryland kwenyewe, mahali paitwapo Glenn Dale, mtaalamu wa mimea Benjamin Morrison alizalisha mamia ya aina akitafuta maua makubwa kama ya kusini lakini yatakayostahimili baridi ya huku. Zinaitwa Glenn Dale mpaka leo. Ukiwa karibu, nenda National Arboretum, bustani ya miti ya taifa iliyoko Washington, mwisho wa Aprili au mwanzo wa Mei, hakuna kiingilio, uone kilima kizima kimefunikwa. Nenda na daftari. Andika jina la unayoipenda, kwa sababu ukifika kitaluni bila jina utanunua yoyote iliyochanua siku hiyo.

Kuchagua mche

Usipande nje azalea uliyoletewa zawadi ikiwa imefungwa karatasi ya kung'aa. Zile zinakuzwa kwenye mabanda ya joto ili zichanue mezani, na nyingi ni uzao wa Rhododendron simsii, zisizoweza baridi ya Maryland. Kaa nayo ndani, mahali penye mwanga na ubaridi kidogo, ifurahie, basi. Niliwahi kuipanda moja nje kwa ukaidi. Januari iliimaliza.

Kwa bustani, nunua iliyokuzwa kwa ajili ya nje, na uangalie kibandiko kinasema inafaa kanda gani ya baridi. Sehemu kubwa ya Maryland ya kati ni kanda ya 7, ambako usiku mbaya kuliko yote wa mwaka unaweza kushuka hadi karibu nyuzi 18 za Selsiasi chini ya sifuri. Mche wenye kibandiko cha kanda ya 6 au 7 unatosha. Wa kanda ya 8 ni kamari.

Kisha angalia urefu wake wa ukubwani. Kosa la kawaida mitaani ni kupanda chini ya dirisha azalea itakayofika mita mbili, halafu mtu anapambana nayo kwa mkasi miaka 20. Chini ya dirisha weka fupi, kwa mfano 'Gumpo', ya kundi la Satsuki, ambayo hukaa chini na kuchanua nyuma ya wenzake, mwishoni mwa Mei hadi Juni. Ukichanganya ya Aprili, ya Mei na hiyo ya Juni, unapata maua kwa wiki nane badala ya mbili.

Dukani, chomoa mche kwenye chungu chake kabla ya kulipa. Muuzaji mzuri hatakasirika. Mizizi hai ni meupe au ya rangi ya kahawia nyepesi, myembamba kama nywele. Ikiwa meusi na inanuka uozo, rudisha. Geuza majani uone upande wa chini: kama kuna vitone vyeusi vinavyong'aa kama lami, hao ni wadudu nitakaowaeleza mbele, usiwakaribishe kwako kwa hela yako. Na usichague wenye maua mengi zaidi. Chagua wenye matawi mengi kuanzia chini.

Mahali pa kuipanda

Fikiria msitu wa miti mirefu, jua linapenya kwa vipande vipande. Hapo ndipo kwao. Jua la asubuhi kwa saa nne hivi na kivuli cha mchana ndiyo hali bora. Kivuli kizito hukupa majani bila maua. Jua la kutwa nzima hukupa maua mengi yanayonyauka upesi, na wadudu.

Miti mirefu yenye mizizi ya kwenda chini, kama misonobari na mialoni, ni wenyeji wazuri. Chini ya maple mizizi hushindana juu juu na azalea hushindwa. Chini ya mti wa jozi nyeusi usipande kabisa, kwani mti ule hutoa sumu ardhini inayoua mimea mingi na azalea ni mmojawapo.

Jambo ambalo watu hawalioni ni ukuta. Msingi wa zege na saruji huachia chokaa polepole kwenye udongo ulio karibu, na chokaa ni lile lile jivu langu kwa sura nyingine. Acha walau mita moja kati ya mche na ukuta. Na jirani akimwaga chokaa kwenye majani ya uwanja wake wa juu, maji ya mvua yatakuletea.

Udongo: hapa ndipo kwenye kazi

Azalea inataka udongo wenye pH kati ya 4.5 na 6. Saba ni kati kwa kati. Chini yake ni tindikali. Sababu yake ni madini ya chuma. Chuma kimejaa ardhini karibu kila mahali, ila pH ikipanda hufungika, mizizi haiwezi kukichukua. Mmea unakaa juu ya chakula na kufa njaa. Ndiyo maana majani yangu yaligeuka manjano huku mishipa ikibaki kijani, na ndiyo maana mbolea haikusaidia kitu. Ukiona ramani ile ya mito, kwanza pima udongo, mfuko wa mbolea baadaye.

Vipimo vya mkononi vinavyouzwa madukani vinakupa picha ya jumla tu. Kipimo cha kuaminika ni kile cha maabara. Mimi hupeleka kwenye maabara ya chuo kikuu cha jimbo la jirani, wanajibu na kiasi cha kuongeza. Chota udongo wa sentimita 15 za juu kutoka sehemu tano sita za kitalu, changanya kwenye ndoo safi, anika ukauke, ndipo utume.

Ikiwa pH iko juu kidogo, dawa ni salfa ya unga au ya punje, kwa kiasi ambacho majibu ya maabara yamekupa. Salfa haifanyi kazi yenyewe, inasubiri bakteria wa udongoni waigeuze kuwa tindikali, na hao hufanya kazi udongo ukiwa na joto. Kwa hiyo iweke miezi kadhaa kabla ya kupanda. Watu wengine hutumia alumini salfeti kwa sababu ni ya haraka, ile ya kubadilisha rangi ya maua ya hydrangea. Kwa azalea iache, alumini ikizidi huichoma mizizi.

Ikiwa pH yako ni 7.5 na kuendelea, ushauri wangu ni kutoshindana na ardhi. Panda kwenye kitalu kilichoinuliwa au chungu kikubwa chenye mchanganyiko wa maganda ya msonobari na mboji ya mabwawa, ile wanayoiita piti.

La pili ni maji kupita. Chimba shimo la sentimita 30, lijaze maji, yaishe, ulijaze tena, ndipo uangalie saa. Yakishuka sentimita mbili na nusu au zaidi kwa saa, uko sawa. Yakilala hadi asubuhi, una udongo wa mfinyanzi kama wangu: mwekundu, unashika kwenye sepetu kama ugali wa jana. Hapo usichimbe kwenda chini, inua kitalu kiende juu.

Siku ya kupanda

Wakati mzuri huku ni kuanzia katikati ya Septemba hadi mwanzo wa Novemba. Udongo bado una joto, mizizi inasogea, na jua halina ukali. Masika ya Machi na Aprili pia yanafaa, ila utakuwa mtumwa wa mpira wa maji kiangazi kizima. Julai usipande.

Anza kwa kuuzamisha mche pamoja na chungu chake kwenye ndoo ya maji. Mchanganyiko wanaokuzia kitaluni ukikauka hukataa maji, yanateleza pembeni na katikati panabaki pakavu kabisa. Uache mpaka viputo viishe kutoka, kama nusu saa.

Wakati unaloa, andaa eneo, wala si shimo. Tifua upana wa mara tatu ya chungu, kina kisizidi sentimita 20. Changanya humo maganda ya msonobari yaliyosagwa na mboji ya majani yaliyooza vizuri, kama theluthi moja ya ujazo, na uyasambaze eneo zima. Ukichimba shimo dogo kwenye mfinyanzi na kulijaza udongo laini, umetengeneza bakuli: mvua ikinyesha maji yanajaa humo na hayana pa kwenda. Samadi mbichi isiingie.

Sasa chomoa mche. Kama ulikaa sana kwenye chungu, utakuta mizizi imejisokota kulizunguka donge kama ukili uliosukwa kwa nguvu. Hapa mikono mingi huingiwa na huruma, na huruma hiyo ndiyo inayoua. Mizizi iliyojizungusha haitatoka humo; nimeng'oa azalea iliyokaa ardhini miaka mitatu nikakuta donge bado lina umbo la chungu. Chukua kisu, pasua pembeni kutoka juu hadi chini sehemu nne, kina cha sentimita moja au mbili, kisha achanisha kitako kwa vidole mpaka mizizi ining'inie. Itaonekana umeiharibu. Hujaiharibu.

Ukiuketisha, juu ya donge pabaki sentimita tatu hadi tano juu ya usawa wa ardhi. Kwenye mfinyanzi mzito mimi hufika kumi. Usawazishe udongo pembeni uteremke kama kichuguu kidogo, lakini juu ya donge lenyewe usiweke udongo hata kiganja. Mizizi ya azalea haishuki. Karibu yote hukaa kwenye sentimita 30 za juu, mingi ikiwa karibu kabisa na uso, na inataka hewa. Ukiufukia kina tulichozoea kwenye migomba, unakosa pumzi.

Mwagilia taratibu hadi udongo ujishike wenyewe. Usiukanyage kwa mguu, na usiweke mbolea siku hiyo. Mche hadi mche acha mita moja hadi moja na nusu. Mwaka wa kwanza patakuwa kama pamepwaya, wageni watakuuliza mbona hukumalizia, vumilia.

Matandazo badala ya jembe

Funika kitalu chote kwa matandazo ya sentimita tano hadi nane: majani makavu ya msonobari, maganda yake, au majani ya mwaloni yaliyokatwakatwa na mashine ya majani. Usiyaegemeze kwenye shina, acha nafasi ya kiganja. Kuna mtindo huku wa kurundika matandazo kwenye shina kama kilima cha volkano. Kwa mbali panapendeza, ila gome linaoza.

Magugu yang'oe kwa mkono. Jembe likipita chini ya azalea linakata mizizi ile ya juu, hata likipita kidogo tu. Hili ndilo lililonishinda kuacha kuliko yote. Mama aliniona kwenye simu ya video nimechuchumaa nikichomoa nyasi kimoja kimoja, akasema: "Mwanangu, Marekani hakuna majembe?" Nikamweleza. Akakaa kimya, kisha akauliza kama na samadi nayo inakataa. "Inakataa, mama." "Na jivu?" "Na jivu." Akacheka. "Hilo si ua, hilo ni mgonjwa."

Maji na chakula

Miaka miwili ya kwanza hesabu sentimita mbili na nusu za maji kwa wiki, mvua ikiwemo. Weka kopo tupu bustanini ulipime. Ingiza kidole kwenye donge lenyewe, si udongo wa pembeni, kwa sababu donge hukauka mapema. Mwagilia chini, si juu ya maua, na asubuhi. Vuli ikiwa kavu endelea kumwagilia mpaka ardhi ianze kuganda, maana majani yanayobaki hupoteza maji wakati wa baridi na mizizi iliyoganda haiwezi kuyarudisha.

Mbolea, kidogo. Matandazo yanapooza yanailisha vya kutosha. Kama majani ni mafifi na pH ni sahihi, weka mbolea ya mimea ya tindikali mara moja maua yakishaisha, nusu ya kipimo cha kwenye mfuko. Baada ya Julai usiweke tena: utaamsha machipukizi laini ambayo barafu ya kwanza itayachoma, au itapasua gome.

Kupogoa: tarehe 4 Julai

Wazee wa bustani wa huku wana kanuni: pogoa kabla fataki za tarehe 4 Julai, siku ya uhuru wa Marekani, hazijalia. Azalea hutengeneza matumba ya maua ya mwakani kiangazi hiki hiki, baada ya yale ya sasa kuanguka. Kufika Septemba utayaona kwenye ncha za matawi, manene kama punje ya harage, wakati tumba la jani ni jembamba na lenye ncha kali. Ukipogoa Oktoba unayapeleka jalalani yote. Kila masika nawaona watu waliolipia vichaka vyao vikatwe mviringo kama mpira wakati wa vuli, halafu wanashangaa mbona ua limechanua ubavuni tu, pale mashine haikufika.

Tumia mkasi wa mkono, ingia ndani ya kichaka, fuata tawi refu hadi linapoungana na jingine, kata hapo. Kichaka kibaki na umbo lake la wingu. Kilichozeeka na kubaki miguu mitupu kinaweza kurudishwa kwa kukatwa hadi sentimita 30 mwanzoni mwa masika, kabla hakijachipua. Utakosa maua mwaka huo. Moyo ukikusita, kata theluthi ya matawi kila mwaka kwa miaka mitatu.

Ukiona hivi

Vuli ikifika, majani ya ndani yakawa manjano au mekundu na kuanguka, tulia. Hata zile zisizopukutika huachia majani yao ya masika. Baridi kali ikija na majani kujikunja na kuning'inia, tulia pia.

Majani yenye vitone vyeupe vingi juu, kama yamenyunyiziwa unga, na lami nyeusi chini, ni wadudu wadogo wenye mbawa kama lesi, Stephanitis pyrioides kwa jina la kitaalamu. Wananyonya kutokea upande wa chini. Mayai hulala ndani ya jani wakati wa baridi na kuanguliwa masika, halafu hupata vizazi kadhaa kwa kiangazi kimoja. Wapenda jua hawa: kichaka changu cha kwenye jua la mchana hushambuliwa kila mwaka, cha chini ya mwaloni hakiguswi. Mwezi wa tano anza kugeuza majani. Wakiwa wachache, piga maji ya nguvu kutoka chini kwenda juu. Wakizidi, nyunyizia sabuni ya kuulia wadudu au mafuta ya bustani upande wa chini wa majani, jioni. Ukinyunyiza juu tu umewaogesha vumbi.

Masika yenye mvua huleta majani yaliyovimba, manene, ya kijani hafifu kama masikio ya nta. Ni ukungu, unatisha kuliko unavyodhuru. Yachume kabla hayajawa meupe, yafunge kwenye mfuko, yatupe.

Maua yakianza vitone vidogo halafu yakawa ute ndani ya siku mbili tatu na kung'ang'ania kichakani, huo ni ukungu wa petali. Yaokote yote, ondoa matandazo ya juu na uweke mapya, kwa sababu ukungu huo hulala humo mpaka mwakani.

Usilolitaka ni hili: kichaka kinanyauka na udongo umeloa. Anayeona hivyo huongeza maji, na ndivyo anavyokizika. Mizizi imeoza, mara nyingi kwa vimelea vya udongoni viitwavyo Phytophthora. Mkasi na dawa havitaokoa. Kitoe, na hapo usirudishe azalea mpaka umetengeneza njia ya maji.

Na kulungu. Wa huku wanaingia mpaka barazani, na matumba ya azalea Februari kwao ni pilau. Wavu mwepesi kuanzia Novemba hadi Aprili umenisaidia kuliko dawa za harufu, ambazo mvua ikinyesha unaanza upya.

Kupata mche mwingine bure

Tafuta tawi la chini linaloweza kuinama hadi ardhini. Mwezi wa sita, kwaruza gome upande wa chini kiasi cha urefu wa kucha mbili, lifukie hapo kwa udongo uliochanganywa na maganda, ncha ibaki nje, weka jiwe juu. Usilisahau kiangazi, palowe. Baada ya mwaka mmoja livute kidogo. Likikataa lina mizizi. Kata upande wa mama, liache hapo hapo wiki kadhaa, ndipo uhamishe. Vipandikizi vya matawi vinawezekana pia, vya sentimita nane hivi, chini ya mfuko wa plastiki, ila jiwe halijawahi kuniangusha.

Kwa walioko nyumbani

Kipimo rahisi ni chai. Chai nayo hutaka udongo wa tindikali, mvua na ubaridi, kwa hiyo panapostawi chai, Usambara, Mufindi, Njombe, Limuru, Kericho, udongo umeshakufanyia nusu ya kazi. Kulima kwa kuinua na kuacha jivu vinabaki vile vile. Theluji hakuna, basi pogoa mara maua yanapoisha na usiangalie kalenda ya fataki. Maji ya mvua ni bora kuliko ya kisima chenye chumvi. Pwani usijisumbue: joto, na ardhi ya matumbawe ambayo ni chokaa tupu. Panda asumini. Na mtu anayetoka huku asifiche kipandikizi kwenye begi. Mmea hai unavuka mpaka kwa kibali na cheti cha afya ya mimea.

Kabla hujapanda, mfikirie mbuzi. Azalea nzima, jani, ua hata asali yake, ina sumu iitwayo grayanotoksini. Huwaangusha mbuzi, kondoo, mbwa na watoto wanaotafuna ovyo. Kwenye pwani ya Bahari Nyeusi, Uturuki, asali ya maua ya ukoo huu inajulikana tangu zamani kwa kulewesha. Jeshi la Wagiriki aliloliandika Xenophon, askari na mwandishi wa Ugiriki ya kale, liliila karibu mwaka 400 kabla ya Kristo, askari wakalala chini kama waliokunywa. Matawi uliyopogoa usiyatupie zizini.

Nilimweleza mama hayo yote siku aliponiambia anataka moja ya kuweka mlangoni. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Haitaki jivu, haitaki samadi, haitaki jembe, na inaua mbuzi."

"Ndiyo, mama."

"Nitumie picha."